Sindano, Tindikali na Watu wa Shamba

Leo tunazungumzia ufundi ambao wengi wameona kazi zake bila kujua jinsi zinavyotengenezwa. Mchoraji huchora juu ya bamba la shaba nyekundu au zinki, huliacha lililiwe na tindikali, halafu hulipaka wino na kuchapa picha kwenye karatasi. Picha tulizozichagua ni za watu wa shamba: wanaume wanaolima, mama anayepoza uji wa mtoto, wanawake wanaookota masuke yaliyosazwa baada ya mavuno.

Swali la leo ni hili: kwa nini maisha ya kijijini yamekaa vizuri namna hii katika ufundi wa sindano na tindikali? Tutalizunguka swali hilo taratibu. Lakini tuanze na kazi yenyewe, maana asiyejua kazi inavyofanyika hawezi kuiona picha sawasawa.

Fundi huchukua bamba lisilo nene, akalisugua kwa unga wa chokaa mpaka ling'ae. Hata alama ya kidole chenye mafuta inaweza kumharibia. Kisha hulipasha moto kidogo na kulipaka utando mwembamba wa nta ya nyuki, lami na utomvu wa miti. Mafundi wa zamani waliligeuza bamba uso chini na kupitisha mwali wa mshumaa chini yake, utando ukawa mweusi kwa masizi. Baadhi ya mafundi hufanya hivyo hadi leo. Juu ya weusi ule, kila mstari wa sindano hung'aa kwa rangi ya shaba, na mchoraji huona anachokifanya.

Sasa anashika sindano. Hapa naomba mtege masikio, wasikilizaji, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha ufundi wote. Sindano haichimbi chuma. Inaondoa nta tu. Mkono unakwenda huru, unapinda unapotaka, unasita, unarudi, unakwaruza haraka kama mtu anayechora kwa penseli. Upo ufundi mwingine, mkongwe zaidi, wa kunakshi shaba kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali. Huko fundi husukuma ncha ndani ya chuma kwa nguvu za kiganja, na kujifunza kwake ni kazi ya miaka. Lakini kwa sindano, mtu anayejua kuchora anaweza kuanza kazi mapema, akatoka nje na bamba lake, akamchora jirani yake akipalilia.

Basi nani anayechimba? Tindikali. Bamba hutumbukizwa kwenye sinia la tindikali ya nitriki iliyozimuliwa kwa maji, na palipokwaruzwa nta, chuma huanza kuliwa. Vijipovu hujipanga juu ya mistari. Fundi huvifagia kwa unyoya wa ndege, polepole, ili tindikali ile sawasawa. Unyoya huo umekuwa mkononi mwa mafundi hao kwa vizazi. Siku hizi wengi hutumia kloridi ya feri, ambayo haitoi mvuke mkali kama ule wa nitriki, lakini hata hiyo inataka glavu mikononi na madirisha wazi.

Baada ya muda mfupi bamba hutolewa na kusuuzwa. Mistari inayotakiwa kubaki myepesi, kwa mfano vilima vya mbali, mawingu na paa la nyumba iliyo upeoni, hufunikwa kwa vanishi isiliwe zaidi. Kisha bamba hurudishwa kwenye tindikali. Mgongo wa mkulima aliye karibu, kivuli chini ya kofia yake, madongo yaliyo miguuni pake, hayo huachwa yaliwe kwa muda mrefu. Umbali na ukaribu, wasikilizaji, hapa vinapimwa kwa dakika.

Mwisho nta husafishwa yote. Fundi hupaka wino mzito bamba zima, halafu huufuta kwa kitambaa kigumu chenye matundu, na mara nyingi humalizia kwa kiganja chake mwenyewe. Wino wa juu hutoka wote, ule wa ndani ya mistari hubaki, kama maji ya mvua yanavyobaki katikati ya matuta baada ya jua kukausha juu. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu ya bamba, blanketi za sufu juu ya karatasi, kisha vyote hupitishwa kati ya roli mbili za chuma zinazobana kwa nguvu. Karatasi inasukumwa ndani ya kila mfereji na kuufuata wino hukohuko. Ukiifunua, picha imetoka, lakini imegeuka: kilichokuwa kulia kimekwenda kushoto. Mchoraji asiyelikumbuka hilo atamkuta mkulima wake anashika mpini kwa mkono mwingine.

Tulirudie jambo hilo moja kabla ya kuendelea: sindano inachora, tindikali inachimba. Ndiyo maana picha hizi zina uhai wa mkono wa mtu.

Je, ufundi huu ulitoka wapi? Kwa kifupi, ulitoka vitani. Mafundi wa Ulaya waliotengeneza mavazi ya chuma ya askari walikuwa wakiyapamba kwa tindikali kabla wachoraji hawajaigusa. Karibu na mwaka 1500 fundi mmoja wa Augsburg, Ujerumani, aitwaye Daniel Hopfer, alianza kutumia mbinu hiyohiyo kuchapa picha kwenye karatasi. Mchoraji mashuhuri Albrecht Dürer aliijaribu kati ya 1515 na 1518 kwa mabamba ya chuma, akaacha picha chache tu. Shaba ilipochukua nafasi ya chuma, mistari ikawa laini zaidi, na mwaka 1645 Abraham Bosse alichapisha huko Paris kitabu cha kuufundisha ufundi huo hatua kwa hatua.

Uholanzi ndiyo iliyoupeleka ufundi huu mashambani. Rembrandt, aliyeacha picha za tindikali takriban 300, alitembea nje ya Amsterdam akachora nyumba zilizoezekwa nyasi na mabanda ya majani makavu. Mwaka 1635 alichora bibi mmoja akikaanga chapati za maji, watoto wamemzunguka, na mtoto mmoja anapigania chapati yake isichukuliwe na mbwa. Nani kati yetu hajaiona vurugu hiyo karibu na kikaango?

Wakati huohuo, katika mji wa Haarlem, aliishi Adriaen van Ostade, aliyezaliwa 1610 na kufariki 1685. Huyu aliwachora wanakijiji karibu maisha yake yote. Picha zake za tindikali ni kama 50: ghala lenye giza la mwaka 1647, familia inayosali kabla ya kula ya mwaka 1653, watu wanaocheza ngoma kilabuni. Katika kazi zake za ujana, hasa za rangi, wakulima walikuwa walevi na wagomvi, watu wa kuchekwa na wenye fedha wa mjini. Alivyozidi kukua, alitulia, na wakulima wake wakatulia naye. Wakawa wazazi, majirani, watu wenye meza na mkate. Ni jicho lenye huruma. Hata hivyo ni jicho la mgeni aliyekaribishwa, anayeona moto na sufuria na watoto. Uzito wa kazi yenyewe hauonekani sana kwake. Wanakijiji wa Ostade mara nyingi wamepumzika.

Kwa hiyo nani aliyewachora wakiwa kazini? Hapa sasa tunamfikia mtu wa siku ya leo.

Jean-François Millet alizaliwa mwaka 1814 katika kitongoji cha Gruchy, pwani ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye alilima pamoja na baba yake mpaka utu uzima ulipomkaribia. Mwaka 1837 alikwenda Paris kujifunza uchoraji. Mwaka 1849, mji huo ukiwa umekumbwa na kipindupindu, alihama na mke na watoto wake kwenda Barbizon, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau. Alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1875.

Hakuhama peke yake. Mwenzake alikuwa Charles Jacque, fundi hodari wa tindikali, aliyechora kondoo, mazizi na kuku kwa mamia ya mabamba. Kuku hasa! Jacque alifuga kuku kwa dhati hata akaandika kitabu kizima juu ya ufugaji wao, kilichotoka mwaka 1858. Ni jambo la kufurahisha kumjua mchoraji ambaye kuku wake wana haki ya kuwa na manyoya sahihi, kwa sababu yeye ndiye aliyewalisha asubuhi.

Miaka ya 1855 na 1856 Millet aliketi kwenye mabamba kwa bidii. Alikuwa na familia kubwa na fedha kidogo, na rafiki yake Alfred Sensier alimhimiza atengeneze picha za kuchapwa ambazo zingeweza kuuzwa kwa bei nafuu kuliko picha za rangi. Kutoka kipindi hicho tunazo picha ya mwanamke anayechambua sufu, ya mwanamke anayesukasuka maziwa apate siagi, ya walimaji wawili, na ya waokota masazo. Mchapaji wake Paris alikuwa Auguste Delâtre, bingwa wa kufuta wino, aliyejua kuacha kivuli chepesi juu ya bamba pale picha ilipokihitaji.

Tuitazame ile ya walimaji wawili. Mmoja ameikanyaga sepetu kwa mguu, uzito wa mwili wote umeshuka kwenye kisigino. Mwingine ameinama anainua udongo na kuugeuza. Nyuso zao hazionekani vizuri. Mchoraji hakuona haja ya kutuonyesha kama wana huzuni au furaha. Ametuonyesha mgongo, goti, kiwiko, na mahali mkono unaposhika mpini. Aliyewahi kulima atajua papo hapo kwamba mikono ile imewekwa mahali pake: mmoja juu, mmoja chini, karibu na chuma, ambapo mzigo unainuliwa. Mchoraji wa mjini angeweza kukosea hapo. Millet hakukosea, kwa sababu viungo vyake mwenyewe vilikumbuka.

Na tindikali je, imefanya nini hapo? Mistari ya madongo yaliyo karibu ni mizito, mifupi, imekatwakatwa. Mistari ya upeo wa macho ni myembamba hata inakaribia kupotea. Katikati ya hivyo viwili ipo nafasi ya shamba ambalo bado halijalimwa. Mtazamaji anaiona kazi iliyobaki. Hakuna aliyeandika neno, lakini kila mwenye shamba anajua maana ya nafasi ile.

Picha ya waokota masazo ni ndogo, kama sentimita 19 kwa 25. Wanawake watatu wako shambani baada ya mavuno, wanaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Desturi hiyo ilikuwa haki ya maskini wa kijijini Ufaransa, na wasomaji wa Biblia wanaikumbuka katika habari za Ruthu; Millet mwenyewe alikuwa amechora picha ya Ruthu na Boazi miaka michache kabla. Wawili wameinama, wa tatu ameinuka nusu. Mkao ule wa kuinuka nusu ni wa mtu anayeunyoosha mgongo kwa muda mfupi halafu anarudi chini. Mwaka 1857, alipoionyesha Paris picha ya rangi ya wanawake haohao, baadhi ya watazamaji wenye mali waliona vitisho ndani yake. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1848 yalikuwa bado hayajasahaulika, na maskini watatu waliochorwa kwa heshima waliwatia hofu. Picha haikuwa na silaha wala bendera. Ilikuwa na migongo tu.

Halafu kuna uji. Ndiyo, uji. Mwaka 1861 Millet alichora mama amempakata mtoto, kijiko kiko karibu na midomo yake mwenyewe, anapuliza uji upoe kabla hajamlisha. Hakuna kingine kinachotokea. Kwa maoni ya mzungumzaji wenu, hii ndiyo picha bora kuliko zote za tindikali alizofanya, ijapokuwa wataalamu wengi huwataja kwanza wale waokota masazo. Mashavu ya mama yamejaa pumzi, na mtoto anasubiri. Mvuto wa picha uko kwenye nukta moja, ncha ya kijiko, na mistari yote ya nguo na ya ukuta inatupeleka huko bila kutulazimisha.

Miaka miwili baadaye, 1863, alichapa picha ya mume na mke wanaokwenda kazini alfajiri, mwanamume uma wa shambani begani, mwanamke kikapu kichwani. Picha hiyo ilitengenezwa kwa kundi la wanunuzi kumi waliojiunga kumwezesha afanye kazi za tindikali. Na hapa tuseme kweli: wanunuzi wa picha hizi walikuwa watu wa mijini. Watu waliochorwa hawakuwa na fedha za kununua picha zao wenyewe. Hilo linaumiza, na halipaswi kufichwa tunapoisifu kazi.

Lakini bamba lina uwezo ambao picha ya rangi haina: linazaa nakala nyingi. Picha ya rangi inakaa nyumba moja, ya tajiri mmoja. Nakala zinatawanyika. Mwaka 1880, katika Borinage, eneo la wachimba makaa ya mawe nchini Ubelgiji, kijana aliyeshindwa kazi ya uhubiri alianza kujifundisha kuchora kwa kunakili kazi za Millet, na baadaye mwaka huohuo akainakili ile ya walimaji wawili. Hakuwa hata na nakala halisi. Alikuwa na picha ya kamera tu. Kijana huyo alikuwa Vincent van Gogh. Mwaka 1889, akiwa mgonjwa katika hospitali ya Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, aliwarudia walimaji walewale, safari hii kwa rangi. Millet alikuwa amekwishafariki miaka kumi na minne kabla. Bamba lake lilikuwa bado linafundisha.

Ndiyo maana jambo lililotokea mwaka 1869 lilimchoma Millet. Mwaka huo kilitoka kitabu cha mashairi na picha za tindikali, na yeye alichangia picha ya msichana wa milimani anayesokota nyuzi huku akichunga. Wachapishaji walichapa nakala 350, halafu mabamba yote yakaharibiwa ili kitabu kiwe adimu na bei ipande. Millet alilalamika, akaona ni ukatili. Alikuwa na haki. Bamba la mkulima likivunjwa ili tajiri afurahie uadimu, basi wazo zima la kuchapa limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mabamba ya Ostade yaliendelea kuchapwa na wengine baada ya kifo chake, na mabamba ya Rembrandt yapatayo 80 yapo mpaka leo.

Tumetembea Ufaransa na Uholanzi kwa muda mrefu. Je, ufundi huu ulifika kwetu? Ulifika. Mwaka 1972 jijini Dar es Salaam ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, na hapo vijana walijifunza na kufanya kazi za mikono za kila namna. Mojawapo ilikuwa picha za tindikali kwenye mabamba ya zinki. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934 huko Masasi, aliingia hapo akiwa mlinzi, akisaidiwa na mjomba wake Augustino Malaba, naye pia msanii. Haukupita muda mrefu Lilanga akawa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani, na pamoja na vinyago na picha za rangi aliacha pia kazi za bamba. Msanii Robino Ntila naye alifanya picha za tindikali hapohapo.

Watu wa Lilanga ni mashetani wa Kimakonde, masikio makubwa, midomo iliyovimba, matumbo mbele. Lakini angalia wanachokifanya: wanabeba watoto, wanapika, wanakunywa pamoja, wanagombana, wanasaidiana. Ni kijiji kizima. Millet aliuficha uso akatuonyesha mgongo. Lilanga aliujaza ukurasa wote kwa nyuso na mikono, pasibaki hata nafasi ya kuweka shilingi. Njia ni mbili, ufundi ni mmoja, na wote wawili walichora maisha waliyoyajua kabla ya kujua sindano. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo, au angalau nusu yake: sindano inafuata mkono bila kuulazimisha, kwa hiyo mkono uliowahi kulima au kuchonga unaingia kwenye bamba na kumbukumbu zake zote.

Kabla hatujaagana, neno kwa wale wenye picha za namna hii ukutani au ndani ya sanduku la mzee. Mtajuaje kama ni nakala halisi ya bamba? Iangalieni kwa pembeni, mwanga ukitoka dirishani. Kuzunguka picha kutakuwa na alama ya mbonyeo, mstatili uliozama kidogo, hapo ukingo wa bamba ulipoibana karatasi. Mistari ya wino itakuwa imeinuka kidogo. Chini, kwa penseli, mara nyingi kuna sahihi na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: 7/40, kwa mfano, humaanisha nakala ya saba katika nakala 40. Msiikate karatasi pembeni ili ienee kwenye fremu, kwa kuwa mtaikata alama hiyo. Msiibandike kwa gundi kwenye ubao. Iwekeni mbali na jua kali na mbali na ukuta unaotoa unyevunyevu, hasa ninyi wa pwani, ambako karatasi huota madoa ya kahawia. Na kama mzee aliyeitengeneza au aliyeinunua bado yupo, kaeni naye mwandike nyuma ya fremu jina la msanii, mahali na mwaka.